Amana Isiyo na Mpokeaji

Jioni, katika nyua nyingi za Ndosho, tunaona jambo lile lile. Bibi kizee anatoa hadithi kwa Kihunde, au kwa Kinande, au kwa Kishi. Wajukuu wameketi juu ya mawe meusi ya volkano, wanasikiliza nusu, kisha wanamjibu kwa Kiswahili. Siku moja mzee mmoja alituambia: « Maneno ya baba zangu nitakwenda nayo kaburini, maana hapana wa kumwachia. »

Neno hilo limetusumbua, nasi tumeona vema kulitazama pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Mtu amepokea amana kwa wazee wake. Anatazama huku na huku, haoni mpokeaji. Je, amefunguliwa deni lake? Anaweza kunyamaza bila kosa?

Tusijibu haraka. Kwanza tukumbuke maisha ya Mkristo mmoja aliyekutana na swali hilo.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Alifundishwa na Mapadre Weupe, wale walioleta Injili hata huku kwetu Kivu. Katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Hakuwa padre, alimwoa Anna Katura. Hawakubaki na mtoto. Wengine wangetafuta mke wa pili. Yeye alikaa na Anna wake. Tena aliisaidia misioni kutafsiri maandiko ya dini katika Kikerewe, na kwa kazi hiyo alijua jinsi ilivyo vigumu kuvusha neno kutoka lugha moja mpaka nyingine.

Mwaka 1945 aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke. Wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani. Mume anakwenda kumwomba, naye anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Mwishowe wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Ndani ya hadithi hiyo mna desturi za kuamkiana, kulima, kuvua samaki, kutibu wagonjwa na kuzika wafu. Angalieni, ndugu: mtu asiye na mtoto aliandika hayo yote kwa ajili ya watoto wa Ukerewe, wasije wakasahau walikotoka.

Kisha akangoja. Haikupatikana njia ya kuchapa kitabu kikubwa namna ile katika lugha ya watu wachache. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Ndipo akashauriwa kukitafsiri, naye, mzee sasa, akaketi tena akakigeuza chote kuwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, kurasa zaidi ya 600. Aniceti akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Hapa watu wawili watasema. Wa kwanza: « Aliisaliti lugha yake, akaiacha akashika Kiswahili. » Wa pili: « Alijisumbua bure, maana hakuyaona matunda. »

Kwa yule wa kwanza tunajibu hivi. Fungueni Biblia, katika kitabu cha Yoshua bin Sira. Mzee huyo aliandika kwa Kiebrania. Mjukuu wake alikwenda Misri, akawakuta Wayahudi wanaosema Kigiriki, akakitafsiri kitabu cha babu yake. Katika utangulizi anaomba radhi, maana neno la Kiebrania, likihamishwa, halina tena nguvu ile ile. Alijua hasara, wala hakuificha. Lakini hakuwanyima ndugu zake chakula kwa sababu chungu kimebadilika. Baadaye andiko la Kiebrania likapotea karne nyingi. Kanisa liliendelea kula katika chungu cha mjukuu, mpaka mwaka 1896 kipande cha Kiebrania kikatambuliwa, na vingine vikaonekana katika sinagogi la zamani la Kairo. Ndio mwaka aliozaliwa Aniceti.

Kwa yule wa pili twasema: nani amemwambia mpanzi kwamba shamba ni lake? Mtume Paulo anafundisha kwamba anayepanda na anayetia maji wote ni watumishi. Mwenye kukuza ni Mungu. Nalo andiko la Kikerewe halikuoza. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya, alitoa tafsiri ya Kiingereza akilifuata andiko lile la kwanza. Mpokeaji alikuja, alichelewa tu.

Basi sasa tunaweza kumjibu mzee wetu, kwa heshima. Baba, yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake alikuwa na sababu yake pia. Hata hivyo bwana wake hakumsifu. Deni la amana halifutwi kwa kukosa mpokeaji. Kazi yako ni kutoa. Kupokea ni kazi ya mwingine, labda mtu ambaye hajazaliwa bado.

Lakini kosa si la wazee peke yao, wala tusiwatwike mzigo wote. Sisi wazazi tumewaacha watoto wetu wacheke lugha ya nyanya yao. Wengi tulifika mjini kwa kukimbia vita, na katika kukimbia tulibeba godoro na sufuria. Maneno tuliyaacha njiani. Kiswahili kimetukaribisha, nasi twakishukuru. Kiwe chungu kipya, kisiwe kaburi.

Daftari moja si ghali. Kijana ajuaye kuandika aketi jioni karibu na bibi yake, aandike hadithi moja kama anavyoisema, na chini yake aiandike kwa Kiswahili. Hata akifanya hivyo kwa hadithi moja tu, neno moja limeepuka kaburi.