Ukuta, Jua na Haki ya Jirani

Mwenye nyumba wa pwani, ambaye ukuta wake wa mawe ya matumbawe na chokaa hupigwa na jua tangu adhuhuri hata magharibi, anapokusudia kuusitiri kwa mmea utambaao, hudhani kwamba anachagua rangi na harufu tu, ilhali kwa hakika anachagua namna ya kuitunza amana. Bugenvilia, yenye asili ya Amerika ya Kusini, hustahimili ukame na hunawiri juani, lakini haipandi ukuta bila kufungwa kwenye fito, na miiba yake humuudhi apitaye njiani. Asumini hutaka maji zaidi, ila harufu yake humfikia aliyeipanda na asiyeipanda. Mkarakara hutoa kivuli na matunda pamoja. Na mtini utambaao hung'ang'ania kwa mizizi yake midogo hata chokaa ikabanduka. Basi upi ulio bora? Naitakidi kwamba uzuri umfurahishao mwenyewe na kumdhuru jirani si uzuri kamili, kwa kuwa ukuta una pande mbili, na upande wa nje wapitao wana haki nao. Kwa hiyo apandaye na auchague mmea atakaoweza kuupogoa kwa subira miaka yote, maana neema isiyotunzwa hugeuka dhuluma.