Vitenzi Korofi vya Kihispania

Katika Kihispania, vitenzi vingi vya kila siku hukiuka kanuni vinapotaja jambo lililokwisha. Mzizi wenyewe hubadilika: tener, yaani kuwa na kitu, hutoa tuve, poder, kuweza, hutoa pude, hacer, kufanya, hutoa hice. Nafuu ni kwamba miisho yao ni ileile: -e, -iste, -o, -imos, -isteis, -ieron. Decir, kusema, ina kituko chake: “walisema” ni dijeron, si dijieron. Mkazo nao, tofauti na hablé, “nilizungumza”, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa Kiswahili. Fui ni “nilikwenda” na pia “nilikuwa”. Muktadha ndio huamua. Anayeanza akariri mizizi kwanza.