Subira na Kilio cha Manusura

Katika makosa yaliyozoeleka misikitini, na Makutano, huko Meru nchini Kenya, haikusalimika, hakuna linalohuzunisha kama kumhimiza manusura wa ugaidi au wa maafa asubiri kabla hajaulizwa yaliyomsibu. Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya lile la mwili kufunga, huitwa upungufu wa imani. Anayeshtuka usiku hunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, na afisa wa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kumsikiliza na kumrejesha katika maisha, huonekana hana la kusema mbele ya qadari, yaani majaliwa ya Mungu.

Ni nani aliyefundisha kuwa subira ni kunyamaza? Nabii Yaaqub, kama isimuliavyo Surat Yusuf, aliazimia subira njema na bado akahuzunika hata macho yake yakawa meupe, na Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, akawaeleza kuwa machozi yale ni rehema.

Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku mbili baadaye msichana mmoja alikutwa hai kabatini. Waokoaji walipomwita hakutoka, kwani aliwadhania kuwa ndio wauaji, mpaka alipoletwa mwalimu anayemfahamu, akamsemesha, naye akaamini. Sauti ya namna hiyo imamu anayo kwa waumini wake, lakini huitumia siku tatu za tanzia, akahimiza subira, akachangisha unga, kisha haonekani tena mwezi wa nne baada ya msiba, majirani wakiwa wamerudi kazini na usiku wa manusura ukiwa ndio kwanza unazidi kuwa mrefu.

Waislamu humtaja kwa fahari mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi na magaidi Desemba 2015, abiria Waislamu wa basi la Mandera walipokataa kutenganishwa na Wakristo, akafariki Januari 2016. Fahari hiyo ni haki yao. Ila ni misikiti mingapi iliyouliza abiria walionusurika wanalalaje?

Afisa wa ustawi wa jamii naye hukosea anapoiacha swala ya manusura nje ya mazungumzo, kana kwamba haimo katika yanayomponya. Na Mkristo aliyefiwa, maana Makutano Wakristo ndio wengi, hastahili kuanza kuhubiriwa kuwa wauaji si Waislamu wa kweli. Anastahili kwanza kuulizwa hali, na jibu lake lisikilizwe mpaka mwisho. Kamati zinazoweza kuchangisha mabati na mazulia ya msikiti hazishindwi kumlipia manusura nauli hadi ofisi ya ustawi wa jamii, na kumpa wa kumsindikiza mwezi wa pili, wa tatu, na mwaka ukipinduka.