Je, Kutembea Pamoja na Ahli ni Upuuzi?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wanaohudhuria darasa letu suala hili: Je, yafaa baba Muislamu kuwachukua mkewe na watoto wake siku ya mapumziko akaenda nao pwani, au Ngomeni, au penye bustani ya wanyama, kwa kutembea tu? Au huo ni upuuzi na kupoteza wakati ambao mtu ataulizwa Siku ya Kiama?

Suala hili si dogo kama lidhaniwavyo. Twazijua nyumba ambazo neno hili limetia ugomvi: mke aomba, watoto walia, na baba ajibu kwa neno moja tu, "Haramu," kisha avaa kanzu yake aenda zake barazani, akakaa huko na wenziwe mpaka saa tano za usiku. Sisi twapenda kumuuliza baba huyo: Ikiwa kutembea ni upuuzi, hayo mazungumzo ya barazani, na kahawa, na bao, yana daraja gani? Na ikiwa hayo ni mapumziko ya halali, ni dalili gani iliyoyahalalisha kwako wewe ikayaharimisha kwa yule aliyeshinda jikoni tangu alfajiri?

Asili ya mambo ya kidunia ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Hii ni kanuni aijuayo kila aliyesoma. Nasi tukiitazama sira ya Mtume (s.a.w.) twamwona akishindana mbio na Bibi Aisha safarini, na siku ya Idi alimsitiri kwa nguo yake hali yeye akiwatazama Mahabushi wakicheza na mikuki msikitini, wala hakumwondoa mpaka alipochoka mwenyewe. Na Salman alipomwona Abu Dardaa ameshughulika na ibada hata mkewe ameacha kujipamba, alimkumbusha kuwa ahli nao wana haki juu yake, na Mtume akamsadiki Salman.

Wenzetu wanaokataza wana hoja ambayo hatupendi kuidharau. Wasema kwamba pwani siku za sikukuu pana mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na nguo zisizositiri, na Adhuhuri na Alasiri zapita watu wamekaa mchangani. Haya ni kweli, tumeyaona kwa macho yetu. Lakini soko nalo lina udanganyifu na viapo vya uongo, wala hapana aliyesema tusiende sokoni. Uovu ulioshikamana na jambo la halali huondolewa wenyewe, likabaki jambo. Basi na aende asubuhi watu wakiwa wachache, achague mahali pa faragha, achukue mkeka wa kusalia, na chakula kilichopikwa nyumbani ili asiingie katika israfu. Na maji ya kutawadhia yakimwishia, bahari iko mbele yake, na maji yake ni tohara. Ama yule akopaye fedha ili wanawe wasionekane duni mbele ya wana wa jirani, huyo hakutoka kutembea, ametoka kujionyesha.

Zaidi ya kuwa halali, kutembea kwa mwenye kuzingatia kuna mafunzo. Qur'ani imetuamrisha twende katika ardhi tuutazame mwisho wa waliotutangulia. Nasi katika hili hatujiepushi na lawama. Siku moja mtoto wa nyumbani kwetu alituuliza ni nani aliyeijenga Ngome. Twapita chini ya kuta zake karibu kila siku, tukamjibu, "Wareno." Akauliza, "Na nani aliyewatoa?" Tukamwambia akamuulize mwalimu wake. Wallahi tuliona haya. Juma lile tulikwenda naye pamoja na mama yake. Tukajifunza kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka Disemba 1698, na wengi waliokuwa ndani wakafa kwa maradhi na njaa. Kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958, na tangu 1962 ni jumba la makumbusho. Mtoto akasema, "Kumbe kila mwenyewe aliondoka!" Darasa ngapi zingemfahamisha neno hilo?

Na Gede, karibu na Watamu, ni mji wa Waislamu wenzetu. Msikiti wake wa Ijumaa, visima vyake na nyumba zake ziko katikati ya msitu, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Watu wake walikula katika vyombo vya Uchina. Leo wakaao humo ni kima. Wako wapahofuo kwa kuwa eti pana mashetani. Mzazi mwema atawafundisha wanawe kumcha Mola aliyewaondoa watu wale, si kuyacha magofu yao.

Hata Bamburi pana zingatio. Machimbo ya saruji yaliyokuwa mwamba mtupu yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971. Jongoo wakala majani yaliyoanguka, yakawa udongo, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Amwonyeshaye mwanawe ardhi iliyokufa ikahuika amempa dalili ya ufufuo ambayo hataisahau.

Na kutembea kulio bora ni kule kunakounga udugu. Ni aibu mtu kupita Kilifi na ahli yake akienda Malindi, na huko Kilifi ana shangazi mzee ambaye hajamwona tangu Idi iliyopita. Apite kwake kwanza, watoto wambusu mkono wapate dua, kisha waendelee.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: kutembea huko ni halali, kwa nia njema kuna thawabu, na kuwanyima ahli bila ya udhuru, hali mtu ajipa yeye nafsi yake, ni dhulma. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya aliowachunga. Mchunga hafungi zizi kisha akaenda zake kupumzika kivulini.

Wallahu aalam.