Vumbi la kiangazi, manyunyu ya kwanza

Wanangu mnaojifunza kazi ya laini za umeme hapa Minago, msilisingizie ziwa kwa uchafu wa vikombe. Mafundi wa Mombasa na Tanga wana haki ya kulaumu bahari, maana upepo wake hubeba chumvi na kuipaka vikombe vya nguzo, zile kauri zinazotenga waya na nguzo. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, halina chumvi hiyo. Adui yetu anatoka nchi kavu: vumbi la barabara, moshi wa mapipa ya mawese, majivu ya nyasi zinazochomwa milimani wakati wa kiangazi.

Uchafu ukiwa mkavu haupitishi umeme wa maana, na hapo ndipo vijana wengi hudanganyika. Miezi mitatu laini imetulia, nani apande kufuta? Kisha Septemba yanakuja manyunyu ya alfajiri. Majivu yana chumvi zake, nazo zinayeyuka. Umeme kidogo unaanza kutambaa juu ya kikombe na kukipasha moto. Sehemu inakauka, na cheche inarukia pale palipokauka. Cheche zikiungana kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha nguzo, ni shoti, na giza kwa kila mtu. Kwa hiyo usiku wa ukungu ukisikia kikombe kinachachatika na kuona mwanga wa buluu, toa taarifa usiku huohuo.

Mvua kubwa husaidia, lakini huosha mgongo tu. Chini ya mikunjo, moshi wa mafuta umeshika vumbi na maji hayafiki. Kagua huko. Futa kwa kitambaa, kamwe si kwa msasa: ukikwaruza ule ung'aavu wa kauri, umelitengenezea vumbi la mwakani makao.

Na siku mtakayoitwa kuchagua vifaa, msiwaachie wanaoangalia bei peke yao. Umeme wa mitambo ya maji ya Jiji na Mulembwe, megawati 49.5, husafirishwa kwa kilovolti 110, na vikombe vya laini ya namna hiyo hupangwa kwa kilovolti 123, kiwango cha juu kabisa cha laini hiyo. Mwongozo wa 1986 wa IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ulitaka milimita 20 za njia juu ya uso wa kikombe kwa kila kilovolti penye uchafu wa wastani, 25 penye uchafu mwingi. Kwa kilovolti 123, ni mita 2.46 dhidi ya mita 3.08. Penye majivu, mimi ningedai hiyo ya pili bila kuona haya.

Usafi ufanyike Agosti, kabla ya manyunyu. Asipande mtu kabla hajaona kwa macho yake laini imezimwa, imepimwa, na kufungwa waya wa ardhini pande zote mbili.