Lawama ya Mwenye Haraka

Kijana aingiaye chuo kikuu kusoma elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia, aghalabu hutumaini kuwajua watu wengine. Ataka kufahamu kwa nini jirani yake ni mkali, kwa nini mlevi haachi pombe, kwa nini umati huthubutu jambo ambalo mtu mmoja peke yake asingelithubutu. Tamaa hiyo si mbaya. Walakini zimo habari katika masomo yake ambazo zitamgeuzia kioo usoni pake mwenyewe.

Mojawapo yatoka Marekani. Mwaka 1973 wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo cha teolojia cha Princeton. Kila kijana aliitwa peke yake, akaambiwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Baadhi yao walipewa kunena juu ya kazi ziwafaazo wanafunzi wa chuo kile. Wengine walipewa mfano wa Msamaria Mwema, yule msafiri ambaye katika Injili ya Luka alimhudumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, baada ya kuhani na Mlawi kumpita. Kisha wako walioambiwa kuwa wamekwisha chelewa, wako walioambiwa kuwa wakati umewadia, na wako walioambiwa kuwa wana nafasi ya kutosha. Njiani, katika kichochoro, palikuwa na mtu ameketi mlangoni, kichwa kimeinama, macho yamefumba, akikohoa na kuugua. Hakuwa mgonjwa, wataalamu ndio waliomweka pale.

Kati ya vijana 40, ni 16 tu waliotoa msaada wa namna yoyote. Katika wale waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisaidia. Katika wale wenye haraka kubwa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kutegemewa, wala majibu yao juu ya dini hayakubashiri nani atasimama. Wako hata waliomruka mtu yule, wakaenda zao kueleza wema wa Msamaria.

Watu 40 ni wachache, na kuwahadaa watu ili wajulikane ni jambo lenye maswali yake. Ndiyo maana siku hizi vyuo vikuu vina kamati za kupima majaribio ya namna hii kabla hayajafanywa. Lakini swali lililobaki ni zito kuliko hayo. Je, vijana wale wana lawama?

Nilipoisoma habari hii katika chuo cha ualimu nilicheka, nikawahukumu kuwa wanafiki. Miaka michache baadaye nilikuwa nikienda darasani asubuhi, kengele imekwisha lia, madaftari kwapani. Karibu na bomba la maji palikuwa na mtoto ameketi, ameshika tumbo. Nilimwona. Nilimwambia, "Ingia darasani, wewe," nikapita. Adhuhuri nikaambiwa kuwa hakuwa ametia chakula kinywani tangu asubuhi ya jana yake. Somo nililolikimbilia lilikuwa hesabu za sehemu, ambazo zingeweza kungoja.

Tangu siku hiyo sicheki. Darley na Batson wenyewe walieleza kwamba baadhi ya vijana waliopita walifika wakiwa na fadhaa. Yamkini hawakukosa huruma. Walivutwa huku na mtu wa kichochoroni, na huku na mtu aliyekuwa akiwangojea na kuwategemea. Hapo ndipo penye hatari. Haraka mara nyingi ni mtoto wa wajibu. Mtu akimbiaye kwenda kuiba hujua kuwa ana kosa. Mtu akimbiaye kwenda kufundisha hujiona mwema kila hatua.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa haraka ndiyo iliyotenda, mtu hana lawama. Udhuru huu wapendeza, na saikolojia hutumiwa sana kuutolea ushahidi. Mimi siukubali. Dereva ajuaye kuwa breki zake ni mbovu, gari lake likikataa kusimama, hatuulaumu mguu wake, kwa maana mguu ulikanyaga. Twamwuliza kwa nini aliondoka nyumbani asubuhi. Vivyo hivyo elimu hii haifuti lawama, bali yaihamisha: yaitoa kichochoroni, yaipeleka nyuma, pale mtu alipokubali kazi nyingi kuliko saa zake. Asiyejua kwamba haraka hupofusha huenda akasamehewa. Aliyesoma hana pa kujificha, nami nilikuwa nimesoma.

Sisi hufundishwa tangu utotoni kwamba haraka haraka haina baraka, na kila mwanafunzi ameiandika methali hiyo katika insha. Lakini twaichukua kama onyo la kazi kuharibika: chungu kitavunjika, hesabu itakosewa. Sikumbuki kuambiwa kuwa chombo kivunjikacho huenda kikawa mtu aliyeketi kando ya njia.

Siku hizi natoka chumba cha walimu dakika tano kabla ya kengele. Si kila siku nafaulu. Juma lililopita nilikimbia mara mbili, wala sijui niliwapita akina nani.