Mizani ya Jumatatu

Yapo maswali mawili ambayo Mkristu hana budi kujiuliza kila juma. La kwanza: je, nimeitakasa Jumapili? La pili, ambalo wengi hulisahau: je, Jumatatu nimeishi namna gani? Swali la kwanza hujibiwa kanisani, mbele ya majirani wote. La pili hujibiwa shambani, dukani, ofisini na jikoni, mara nyingi mahali pasipo shahidi ila Mungu na yule mtu tunayepatana naye bei. Kwa maoni yetu, jibu la pili ndilo linaloonyesha kama jibu la kwanza lilikuwa la kweli. Leo twapenda kulitazama neno hili kwa njia ya kitu kidogo ambacho kila nyumba yakijua, nacho ni kipimo cha sokoni.

Kila mkulima wa viazi wa Njombe na Mbeya, na kila mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, aijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba cha wavu na kamba juu yake, nacho hujazwa vilevile, na mzigo wote huitwa gunia moja na kulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo ya Tanzania na kanuni zake zataka mazao yapimwe kwa mizani, wala gunia lisizidi kilo 100. Tangu mwaka 2002 uko Wakala wa Vipimo wenye kazi ya kusimamia jambo hilo. Hata hivyo lumbesa haijatoweka.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi, amempa mnunuzi kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili. Magunia hayo matatu ndiyo sare za watoto, ndiyo mbolea ya msimu ujao, ndiyo dawa ya bibi mgonjwa. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Twaweza kuongeza kwamba dhuluma nayo hujaza kibaba chake kwa njia iyo hiyo, haba na haba, bila mtu kuonekana mwizi.

Neno hili si geni katika Maandiko Matakatifu. Katika karne ya nane kabla ya Kristu, nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakingoja Sabato ipite ili wafungue ghala za nafaka, wapunguze kipimo, waongeze bei na kuidanganya mizani. Tuangalie vema. Watu hao hawakuivunja Sabato, waliitunza. Milango ya maduka ilifungwa kama sheria ilivyoagiza. Lakini walipokuwa wamepumzika mbele za Mungu, mioyo yao ilikuwa ikihesabu saa. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba Mungu ana siku yake, na soko lina siku zake, wala hizo mbili hazihusiani.

Dhana hiyo yaishi hata leo. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, ulihesabu mfarakano kati ya imani tunayoikiri na maisha yetu ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Mababa wa Mtaguso hawakusema kwamba ni udhaifu mdogo wa watu wenye shughuli nyingi. Walisema ni kosa zito.

Hapa mtu atatujibu: “Mapadre hawaijui biashara. Mkulima mwenyewe amekubali. Hakuna aliyemshika mkono.” Jibu hili lastahili kupimwa kwa haki, maana ni kweli kwamba mapatano ya hiari ni msingi wa biashara. Lakini je, hiari ya mkulima huyu ni hiari gani? Viazi vyake vimekwisha kuchimbwa, ghala hana, mvua imeharibu njia, na lori lililofika ni moja tu. Akikataa leo, kesho vitaoza. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alifundisha juu ya mishahara kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendwa jeuri, na haki imevunjwa. Linalosemwa juu ya jasho la mwajiriwa ladumu kuwa kweli juu ya jasho la mkulima. Shida ya jirani si ruhusa ya kumpunja.

Wala tusidhani kwamba dhambi hii ni ya wanunuzi wa mazao peke yao. Yuko mkulima anayeficha viazi vibovu katikati ya gunia, au anayeinyunyizia pamba maji ili iwe nzito. Yuko mwenye duka ambaye debe lake la kununulia limetanuliwa, na debe lake la kuuzia limebonyezwa. Yuko karani anayelipwa kwa saa nane na kufanya kazi saa tano. Yuko mama wa nyumba, mwaminifu katika chama chake cha kitume, ambaye msichana wake wa kazi hajaona mshahara kwa miezi mitatu. Wote hawa wana mizani mkononi, hata kama haionekani.

Basi afanye nini mtu ambaye dhamiri yake imemwamsha? Wengi watajibu upesi: aende kuungama. Naam, na aende. Lakini mafundisho ya Kanisa juu ya amri ya saba hayaishii hapo. Aliyechukua mali ya mwenziwe isivyo haki apaswa kuirudisha. Mtakatifu Agustino, katika barua yake kwa Macedonius, alifundisha kwamba toba ya mtu anayeweza kurudisha naye hataki, ni toba ya kuigiza tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yarudia wajibu huo huo wa kurudisha.

Zakayo mtoza ushuru alilielewa jambo hili bila kufundishwa na mtu. Bwana wetu Yesu Kristu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakutoa hotuba juu ya uzuri wa sala. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Neema iliingia moyoni, na papo hapo ikagusa mfuko.

Mtu atauliza, nitarudishaje bila kujiaibisha? Hakuna haja ya kutangaza jina. Fedha yaweza kurudishwa kwa siri, hata kwa mkono wa muungamishi. Kama aliyepunjwa amekufa, warithi wake wapo. Kama kwa kweli hajulikani tena, wapewe maskini. Asiyeweza kulipa yote kwa mara moja alipe kidogo kidogo. Na aliye fukara kabisa adumu katika nia ya kulipa siku atakapopata.

Lakini kuna njia moja ambayo haifai. Haifai kumpunja mkulima anayejulikana, kisha kumlipa Mungu kwa mabati ya kanisa. Altare si mahali pa kusafishia fedha ya dhuluma. Mapadre na wazee wa parokia tunao wajibu wa kulisema hili waziwazi, hasa siku ya michango, wakati majina ya watoaji wakubwa yanaposomwa na makofi kupigwa. Kanisa la udongo lililojengwa kwa haki lampendeza Mungu kuliko kanisa la mawe ambalo wakulima wa kijiji kile kile walilipia bila kuulizwa.

Twajua kwamba mtu mmoja aliyeamua kununua kwa mizani huenda akapata hasara mwaka wa kwanza, wenzake wakimcheka. Hatusemi kwamba haki ni rahisi. Ndiyo maana wakulima Wakristu na wasio Wakristu yawapasa kushikamana, wakatae lumbesa kwa pamoja, wanunue mizani ya kijiji au ya chama chao cha ushirika, ili mnyonge asibaki peke yake mbele ya lori. Nazo jumuiya zetu ndogo ndogo, zinapokutana kusali, zaweza pia kuulizana neno moja: je, juma hili nani amelipwa pungufu kati yetu, na nani amempunguzia?

Jumapili ijayo tutapeleka tena matoleo yetu altareni. Kabla ya siku hiyo ziko siku sita za kununua, kuuza, kuajiri na kulipa. Kila familia na itazame kipimo kilichomo nyumbani mwake, na kama kimepungua, ikijaze.